Taka zenye thamani zina wenyewe tayari

Tangu Septemba 2023, CAF ilipowapa Tanzania, Kenya na Uganda uenyeji wa AFCON ya 2027, na hasa tangu uwanja wa watazamaji 30,000 uanze kunyanyuka kata ya Olmoti, Arusha imepata wimbo mpya. Ukihudhuria semina ya wajasiriamali au kikao cha vijana cha kata, lazima asimame mtu aseme taka ni mali, wageni wanakuja, changamkieni fursa. Wanaomsikiliza wanatoka na hesabu moja kichwani: jiji lina watu wengi, watu wengi wana taka nyingi, kwa hiyo mwenye mashine ya kusaga plastiki keshatajirika. Hesabu hiyo imekosewa katikati, na kosa lake litawagharimu vijana mikopo yao. Soko la huduma za mazingira lipo Arusha na Moshi, tena ni kubwa kuliko linavyosimuliwa. Ila pesa yake haimo ndani ya taka. Imo mfukoni mwa mtu ambaye sheria, harufu au mteja wake anamlazimisha kuziondoa, naye hana uwezo wa kuziondoa mwenyewe. Anayeanza biashara kwa kuzitazama taka anaanzia mwisho. Aanze kwa kumtafuta mwenye wajibu.

Tuanze na namba ambazo waandika maandiko ya miradi wanazipenda. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 617,631 katika Jiji la Arusha. Ripoti ya Benki ya Dunia ya 2018 inakadiria kwamba mtu mmoja Afrika kusini mwa Sahara huzalisha wastani wa kilo 0.46 za taka kwa siku. Zidisha, utapata karibu tani 280 kila siku, na kwa miji ya kipato chetu zaidi ya nusu yake huwa ni mabaki ya chakula na majani. Hapo ndipo wengi wanaweka kalamu chini na kuanza kuota mboji. Wangeshuka sokoni kwanza. Chuma chakavu hakilali nje Unga Limited hata usiku mmoja. Chupa za maji zinaokotwa kabla hazijafika dampo, maboksi yana wanunuzi wake, na machicha ya viwanda vya bia yana foleni ya wafugaji. Mabaki ya soko la Kilombero yanayolika yanaondoka na wafuga nguruwe. Moshi ndiyo usiseme: jioni pale sokoni Mbuyuni utamwona mama akishindilia maganda ya ndizi kwenye kiroba, na kabla hajamaliza kufunga kamba ameshapatana na bodaboda bei ya kupandisha Kibosho, kwa ng'ombe wa ndani. Ng'ombe huyo ndiye mshindani wa kwanza wa kiwanda chochote cha mboji Kilimanjaro, na analipa vizuri zaidi, kwa sababu anarudisha maziwa na samadi kwa pamoja.

Kwa hiyo tani 280 za kwenye karatasi zikishachujwa na watu hawa, ambao hakuna semina iliyowafundisha, kinachobaki ni kile ambacho hakuna anayekitaka. Ni pampasi, ni nailoni laini zilizochafuka, ni majivu na vumbi la kufagia, ni vinyesi vilivyojaa kwenye makaro ya vyoo, ni sindano na bandeji za zahanati, ni betri na taa zilizokufa. Hakuna atakayekupa hata shilingi mia kwa kiroba cha pampasi. Lakini wapo watakaokulipa ukiondoe mbele yao, na tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti ya biashara mbili. Ya kwanza inategemea bei ya plastiki, ambayo hupangwa na wanunuzi wa mbali na hushuka mafuta yanaposhuka duniani. Ya pili inategemea kama mwenye taka anaona ni lazima alipe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliweka msingi kwamba mchafuzi ndiye mlipaji, ikazikabidhi halmashauri kazi ya kusimamia taka ngumu. Miaka zaidi ya 20 imepita na bado tunaisoma kama sheria ya adhabu. Mimi naisoma kama sheria ya ajira, kwa sababu kila kifungu kinachomlazimisha mtu kufanya jambo asilolijua kinamtengenezea mteja yule anayelijua.

Ushahidi tunao. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku, na ndani ya wiki chache soko la mifuko mbadala likawa limezaliwa, kuanzia washonaji wa mitaani hadi viwanda. Hakuna kampeni ya kuhamasisha ambayo ingefanya hivyo kwa kasi ile. Lakini tukumbuke pia kilichofuata: wauzaji wakahamia kwenye vifungashio laini vya nailoni, wakavigeuza mifuko ya kubebea, hadi serikali ikalazimika kuvikataza tena mwaka 2021. Katikati ya matukio hayo mawili, waliowekeza kwenye mifuko ya karatasi waliumia, na hawakuumizwa na ubora wa mifuko yao. Usimamizi ulilegea, basi, na soko nalo likalegea. Kuni ni hivyo hivyo. Serikali ilizitaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo 31 Januari 2024, kisha ukaja Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Kwa mkoa wenye shule za bweni nyingi kama Kilimanjaro hilo ni agizo lenye wateja ndani yake: majiko, mitungi, mkaa mbadala wa pumba za mpunga, na mafundi wa kuvihudumia. Anayeingia humo ajue tu kwamba shule hulipa muhula unapofunguliwa, ada zikiwa zimeingia, na kwamba kuna majiko ya shule ambayo hadi leo moshi wa kuni unatoka bila kujificha.

Mfano ninaoupenda zaidi uko mlimani. Hifadhi ya Kilimanjaro hupima mizigo ya wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, langoni, na taka zinazoshuka nazo zinapimwa, ili kampuni isije ikaacha makopo yake kambini. Chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kupanda. Wageni nao, hasa wanaolipa vizuri, wanataka choo kisafi hata wakiwa mita elfu nne. Matokeo yake kuna kazi ambayo haikuwapo zamani: mgumu mmoja katika msafara anabeba choo cha kubebeka, anakisimika kambini, anakisafisha, na analipwa kwa hilo. Kinyesi hakikupanda thamani hata kidogo kwenye mlima ule. Kilichobadilika ni kwamba kuna mizani, kuna kanuni, kuna mteja anayeuliza. Watu wa Moshi hawapaswi kushangaa, kwa sababu mji wao umejipatia jina la usafi kwa njia hiyo hiyo ya kutozwa faini. Basi likikaribia stendi utamsikia konda akiwaonya abiria wasitupe ganda la muwa dirishani, maana hapa ni Moshi.

Sasa tuone mahali ambapo pesa imekaa bila kelele. Mradi mkubwa wa maji na usafi wa Arusha, uliogharimiwa kwa sehemu kubwa na mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika uliopitishwa 2015, ulitajwa kuwa wa shilingi bilioni 520, na ndani yake kulikuwa na mtandao wa majitaka na mabwawa mapya ya kuyasafisha. Ni uwekezaji mzuri. Lakini bomba la majitaka halifiki kila mtaa, wala halitafika karibuni, hivyo nyumba nyingi za Arusha zinaendelea kutegemea karo au choo cha shimo. Karo likijaa hakuna mjadala wa uzalendo wala elimu kwa umma, mtu anapiga simu gari la kunyonya lije leo. Ukitaka kuliona soko hili kwa karibu, simama Ngarenaro au Daraja Mbili gari hilo linapofika. Dereva haulizi karo lina ujazo gani. Anatazama uchochoro, anahesabu vipande vya mpira wa kunyonyea, na bei inapanda kwa kila kipande kinachoongezwa, kwa sababu gari haliwezi kusogea zaidi. Nyumba ambazo mpira haufiki zinabaki na wale wanaotapisha vyoo kwa ndoo usiku, au zinasubiri mvua ya masika zifungulie mtaroni, na mtaro unajibu kwenye mto Themi au Naura. Pengo hilo, la gari dogo au pampu ya kusukuma kwa mkono inayopita uchochoroni kisha ikahamishia kwenye tenki kubwa barabarani, ni biashara halisi zaidi kuliko viwanda kumi vya mboji. Mteja wake tayari yupo na tayari analipa. Na mwisho wa safari pana manufaa pia: Moshi wakulima wa Mabogini wamekuwa wakitumia maji yanayotoka kwenye mabwawa ya majitaka kumwagilia mpunga, ingawa hilo linahitaji upimaji wa vimelea ambao nao ni huduma inayosubiri mtu.

Upimaji. Hapo Arusha ina deni la karne. Maji ya miteremko ya Meru yana floraidi nyingi, madini yanayoacha madoa ya kahawia kwenye meno, na sisi wa huku tunatambuliwa kwa meno popote tunapokwenda. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na kuna visima na chemchemi upande wa Maji ya Chai na Ngurdoto vinavyokipita mara nyingi. Utaalamu haujakosekana. Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi, wamefanya kazi ya mkaa wa mifupa kwa muda mrefu, na mwaka 2015 Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela hapa Arusha alishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na chuo cha kifalme cha wahandisi cha Uingereza kwa kichujio chake cha maji. Kinachokosekana ni kitu kisicho na mvuto wa kupigiwa picha, yaani mtu wa kurudi. Kichujio kinachoka. Baada ya miezi kadhaa kinaendelea kutoa maji matamu yasiyochujwa chochote, na ulimi hauwezi kuionja floraidi. Nyumba ya wageni ya Usa River iliyochimba kisima chake haihitaji kuuziwa mtungi, inahitaji mkataba wa mwaka wa kupimiwa maji, kubadilishiwa kichujio na kupewa karatasi ya majibu ya kumwonesha mgeni. Wachache sana wanauza hivyo. Tumezoea kuuza kifaa na kuaga.

Wapo wanaonipinga, na hawana uzito sawa. Hoja dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayosikika zaidi, ni kwamba watu wetu hawana utamaduni wa kulipia usafi. Mtu huyu aende stendi yoyote aone kama kuna anayeingia chooni bila kutoa sarafu. Aende kwa mpangaji wa Kwa Mrombo anayenunua maji kwa ndoo, kwa bei inayozidi ya bomba. Watu wanalipa, na mara nyingi maskini ndiye anayelipa zaidi kwa kila lita na kila kiroba. Wanachogoma kulipia ni ahadi: gari la taka lililopaswa kupita Jumanne likapita Ijumaa ya wiki inayofuata, huku risiti ikiletwa bila kuchelewa hata siku moja. Kugoma kwao ni busara ya mnunuzi, na mfanyabiashara anayeiita ujinga atafilisika.

Hoja ya pili ni ya wapenda mitambo: tuchome taka tupate umeme. Ndugu zetu wa Addis Ababa walizindua mtambo wa Reppie mwaka 2018, uliogharimu takriban dola milioni 120, na safari yake imekuwa ya kupanda na kushuka. Taka zetu, kama zao, zimejaa maji, kwa hiyo sehemu kubwa ya moto inaishia kukausha maganda. Zaidi ya hapo, nchi imemaliza bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Sioni ni nani atakayeishawishi TANESCO kununua umeme wa taka kwa bei inayoweza kurudisha gharama za mtambo wa namna hiyo. Biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa kuzuia hewa ukaa isiende angani, nayo inatajwa sana tangu kanuni zake zitoke 2022, na ni kweli kampuni iliyo hapa Arusha imeonesha kule bonde la Yaeda kwamba jamii ya Wahadzabe inaweza kulipwa kwa kutunza msitu. Lakini hiyo ni biashara ya ardhi na mikataba ya miongo mingi, na migogoro iliyoibuka kwenye malisho ya Longido na Monduli inatosha kumwambia kijana wa mjini kwamba hapo si mahali pa kuanzia na mtaji wa mkopo wa kikundi.

Hoja ya tatu ndiyo inayoninyima usingizi. Nikisema soko linazaliwa na wajibu, nasema pia litazaliwa na wakaguzi, na mkaguzi kwa mwenye gereji au mama wa mgahawa ni jina jingine la usumbufu. Serikali yenyewe, kupitia mpango wake wa 2018 wa kuboresha mazingira ya biashara, iliahidi kupunguza utitiri wa tozo na vibali, na tozo za NEMC, baraza la taifa linalosimamia mazingira, zimekuwa miongoni mwa zilizorekebishwa. Sasa mimi nadai usimamizi uongezeke. Je, hatupingani? Naona tunapingana pale tu usimamizi unapomaanisha kulipia karatasi. Mwenye gereji Unga Limited akilipa kibali na oili chafu ikaendelea kuuzwa kwa madumu ya kupaka nguzo dhidi ya mchwa, au kumwagwa mtaroni, serikali imepata pesa na hakuna huduma iliyonunuliwa. Akitakiwa badala yake aoneshe stakabadhi ya aliyekuja kuichukua oili, pesa ile ile inakwenda kwa mtu mwenye kirikuu na mapipa. Mzigo kwa mwenye gereji unaweza kubaki pale pale, na soko likawa limezaliwa. Hata hivyo nakiri hoja hii ina upande usiofutika: stakabadhi nazo zinaweza kununuliwa, na mkaguzi mmoja mwenye njaa anatosha kuharibu utaratibu wa kata nzima.

Ndiyo maana swali kubwa liko halmashauri kuliko kwa wajasiriamali. Chukua mfano, na namba hizi ni za kufikirika tu. Kikundi kimepewa kaya 1,000, ada ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Kaya 550 zikilipa, mapato ni milioni 1.1. Kikikodi gari safari 16 kwa mwezi kwa shilingi 60,000, kimetumia 960,000, na kinachobaki ni 140,000 za kugawana vijana wote waliobeba viroba. Gari halipungui safari kwa kuwa watu hawajalipa, taka za asiyelipa lazima zibebwe la sivyo mtaa unanuka. Sasa tuseme wanaolipa wamefika 850. Mapato ni milioni 1.7, gharama ya gari ni ile ile, kinachobaki ni 740,000, zaidi ya mara tano. Hakuna mashine ya kusaga plastiki inayoweza kukipa kikundi hicho ongezeko kama hilo. Kwa hiyo mtaji wa kwanza wa kampuni ya taka ni orodha safi ya kaya na njia ya kukusanya ada, na hapo ndipo halmashauri ina kitu ambacho mtu binafsi hana. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, mtu anaponunua umeme, ikianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Malalamiko yalikuwepo, hasa ya wapangaji wanaolipa kodi ya nyumba isiyo yao, lakini makusanyo hayategemei tena mtu kubisha hodi na kitabu cha risiti. Ada ya taka ni haki zaidi kuitoza kwa njia hiyo, kwa sababu mpangaji ndiye anayezalisha taka.

Pesa ikikusanywa hivyo, mkandarasi alipwe na halmashauri kwa kazi iliyoonekana. Wengi wanapendekeza alipwe kwa tani zinazopimwa dampo la Muriet. Nakubali nusu. Mkandarasi anayelipwa kwa tani peke yake atajaza udongo, tunajuana. Tani zipimwe, na mwenyekiti wa mtaa asaini kwamba gari limepita siku yake, kisha malipo yafuate vyote viwili. Lakini hata hayo hayatasaidia kama mikataba itaendelea kuwa ya mwaka mmoja mmoja. Hakuna benki itakayokopesha gari linalohitaji miaka minne kulipwa kwa mtu ambaye mkataba wake unaisha Juni. Matokeo yake anakodi fuso chakavu, gari linaharibika, taka zinalala, watu wanagoma kulipa, mkataba unavunjwa, anakuja mwingine na fuso chakavu jingine. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu, iliyositishwa 2023 na baadaye kurudishwa, inaweza kununua guta, mabuti na glavu. Gari inalihitaji mkataba wa miaka mitano.

Kwa kijana wa Moshi au Arusha aliyeshika fomu ya mkopo huo leo, ningemshauri aahirishe kununua chochote kwa mwezi mmoja. Atembee na daftari kwenye zahanati binafsi, gereji, machinjio, shule za bweni na nyumba za wageni zenye kisima, aulize swali moja: ni taka gani unaogopa mkaguzi azikute? Zahanati ya sindano, gereji ya oili, hoteli ya karo linalofurika kila msimu wa wageni, kila mmoja ana jibu lake na kila mmoja anajua mwaka jana lilimgharimu kiasi gani. Wakipatikana kumi na wawili waliokubali kusaini malipo ya kila mwezi, fomu ijazwe, na kwenye nafasi ya dhamana aambatanishe mikataba hiyo.